Gari la dizeli la zamani linasumbua kuwaka asubuhi: namna ya kupima kama mafuta yanarudi kwenye tangi

Swali hili haliishi, na maneno yake ni yale yale: "Fundi, gari likilala, asubuhi napiga stata mpaka betri inachoka. Likishawaka, siku nzima halina shida." Wengine wanaongeza kwamba linawaka vizuri kwa sekunde chache, linazima, na hapo ndipo kazi inapoanza. Wengi wanaouliza wameshaambiwa pampu imekufa, na wengine wameshalipia matengenezo ya pampu na gari bado linasumbua vile vile.

Kabla pampu haijafunguliwa, pima. Dalili hizi mara nyingi ni za hewa kuingia mahali fulani na dizeli kurudi tangini usiku. Chanzo chake kwa kawaida ni mpira uliokauka, oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) iliyobanwa vibaya au wosha iliyotumika mara tatu. Pampu ni mtuhumiwa wa mwisho, tena ndiye ghali kuliko wote.

Mwongozo huu ni wa injini za zamani zenye pampu ya mzunguko (ndiyo pampu kubwa inayopeleka dizeli kwenye nozeli, na ndiyo naita "pampu" tu) na pampu ndogo ya mkono juu ya filta: 2L, 3L na 5L za Hilux na Hiace, 1HZ ya Land Cruiser, 4D56 ya Pajero, TD27 ya Nissan na nyingine za jamii hiyo. Kama gari lako ni la komoni reli (dizeli za kisasa zinazoongozwa na kompyuta), mfano 1KD ya Hilux Vigo, usifuate hatua za kulegeza mabomba zilizo hapa. Mfumo huo una presha kubwa mno na taratibu zake ni nyingine.

Nadharia utakayohitaji ni ndogo. Tangi liko chini, pampu iko juu. Katika injini nyingi kati ya hizi hakuna kitu kinachosukuma mafuta kutoka tangini. Pampu yenyewe huyavuta kupitia filta. Ukizima injini, dizeli hubaki imening'inia ndani ya mabomba kama soda kwenye mrija uliouziba juu kwa kidole. Inua kidole, soda inashuka. Tundu lolote linaloingiza hewa sehemu ya juu ni kidole kilichoinuliwa. Tena laweza kuwa dogo kiasi kwamba hutaona tone la dizeli nje, kwa sababu upande huo wa mfumo unavuta, hausukumi. Ndiyo maana kuangalia kama "kuna uvujaji" peke yake hakutoshi.

Andaa hivi kwanza

- Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, upana wa ndani milimita 8, urefu kama mita 3. Ule mafundi ujenzi wanaopimia levo unafaa, maadamu ni mpya na msafi. Pima kwanza bomba la gari lako, kwa sababu si yote yana upana huo.
- Klipu ndogo za mipira ya mafuta, zisizopungua nane.
- Dumu safi la lita 5 lenye dizeli mpya. Dumu lililowahi kuwekwa maji au petroli, achana nalo.
- Spana namba 10, 12, 14, 17 na 19, bisibisi na koleo.
- Tochi, vitambaa visivyoacha nyuzi, karai la kukingia dizeli.
- Mita ya umeme au taa ya kupimia.
- Boliti fupi au vijiti laini vya kuziba ncha za mipira utakayoichomoa.
- Pampu ya baiskeli na maji ya sabuni. Hivi huenda usivihitaji.
- Glavu na miwani.
- Usiku mbili au tatu ambazo gari linaweza kulala bila kuguswa. Vipimo vingi hapa vinasomwa asubuhi, na huwezi kuviharakisha.

Kabla hujashika spana

Vuta handibreki, weka gia huru, weka jiwe kwenye tairi. Hakuna sigara wala jiko karibu. Dizeli ikimwagika kwenye mpira wa rejeta au mkanda, futa hapo hapo, maana inalainisha na kuharibu mipira isiyokuwa ya mafuta.

Usiweke mkono wala kidole mbele ya bomba la nozeli (kinachonyunyizia dizeli kwenye silinda) wakati stata inazunguka au injini inawaka. Nozeli za injini hizi hufunguka kwa presha ya zaidi ya bar 100, na dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi. Kidonda kinaweza kuonekana kama tundu la sindano tu, lakini ndani nyama inaharibika. Likitokea, nenda hospitali wakati huo huo, usisubiri kivimbe.

Na usipulizie dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa ya injini yenye hita (plagi zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha). Hita ikiwa nyekundu, dawa hiyo inalipuka kabla ya wakati wake, na injini nzima zimevunjika pistoni kwa njia hiyo.

Hatua ya 1: Ondoa umeme na hita kwenye orodha

Asubuhi, kabla hujagusa chochote, msimamishe mtu nyuma ya gari aangalie bomba la moshi wakati unapiga stata. Kipimo hiki hakina gharama na kinaamua mambo mengi.

Moshi mweupe au wa kijivu ukitoka huku injini ikizunguka bila kuwaka, maana yake dizeli inafika kwenye silinda lakini haiwaki. Shida yako iko kwenye hita, mgandamizo wa silinda au taimingi (wakati dizeli inapoingizwa). Vipimo vya mafuta kurudi havitakusaidia sana hapo.

Kama stata inazunguka kwa nguvu na hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki. Endelea kusoma.

Kama stata inazunguka kwa uvivu, simama kwanza. Betri ya volti 12 iliyopumzika inapaswa kusoma karibu 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 10 au karibu na hapo. (Baadhi ya Land Cruiser hutumia volti 24, zidisha mara mbili.) Safisha vichwa vya betri na waya wa hasi pale unapokazwa kwenye injini. Dizeli isiyozungushwa kwa kasi haiwaki hata kama mafuta yapo.

Hita zipime moja moja kwa mita baada ya kuondoa ubao wa shaba unaoziunganisha. Nzuri inasoma ohmu chache tu, iliyokufa haionyeshi njia kabisa. Watu wa Mbeya, Njombe, Limuru na sehemu nyingine za baridi huchanganyikiwa hapa, kwa sababu shida zote mbili zinajitokeza asubuhi. Tofauti yake ni moshi. Tofauti nyingine: mafuta yanayorudi husumbua hata saa nane mchana wa joto, mradi gari limesimama muda mrefu.

Mwisho, washa swichi bila kupiga stata na usikilize kifaa cha kuzimia kilicho juu ya pampu. Kitoe mlio mdogo, "tik". Kikiwa kimya, pima kama umeme unakifikia. Hakirudishi mafuta tangini, lakini kikifa, gari haliwaki kabisa, na ni aibu kubomoa mfumo mzima kumbe waya umechomoka.

Hatua ya 2: Pampu ya mkono, kabla ya stata

Asubuhi ya pili, usipige stata. Fungua boneti, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta, taratibu, hadi mwisho wa mwendo wake, ukihesabu.

Mfumo ulioshika mafuta huwa mgumu baada ya kubonyeza mara chache tu. Mfumo uliorudisha mafuta unakuwa mwepesi, unabonyea bonyea, wakati mwingine unasikia mlio wa hewa na dizeli vikichanganyika, halafu polepole unaanza kukaza. Ukishakaza, pasha hita kama kawaida, piga stata.

Gari likiwaka mara moja, ilhali asubuhi nyingine zote lilikuwa linakusumbua, umepata jibu: mafuta yanarudi. Sasa kazi ni kutafuta wapi.

Pampu ikiwa ngumu tangu mwanzo na gari likaendelea kusumbua, shida si hii. Rudi hatua ya 1, angalia hita na mgandamizo.

Pampu isipokaza hata ukibonyeza mpaka mkono uume, kuna mambo mawili: tundu ni kubwa, au pampu ya mkono yenyewe imekufa vali zake. Nenda hatua ya 4, anza na hiyo pampu.

Hatua ya 3: Libadilishie gari mahali pa kulala

Tafuta mteremko. Usiku mmoja lilaze likiangalia chini, tangi likiwa juu kuliko injini. Usiku mwingine lilaze likiangalia juu. Likiwaka kirahisi lilipoangalia chini na kusumbua sana lilipoangalia juu, hakuna tena ubishi. Kama huna mteremko, linganisha tangi lililojaa na tangi lililo chini ya robo. Mafuta yakiwa juu tangini, hayana umbali mkubwa wa kushuka.

Kwa siku hizi andika pia muda. Je, linasumbua baada ya saa moja, saa nne, au mpaka lilale? Linalorudisha ndani ya saa moja lina tundu ambalo mara nyingi utaliona kwa macho. Linalosumbua Jumatatu tu baada ya kusimama Jumamosi na Jumapili lina tundu dogo sana, na utahitaji subira ya hatua ya 6.

Hatua ya 4: Kagua kwa macho na vidole

Usioshe injini kwanza. Vumbi ni msaidizi wako. Mahali panapotoka dizeli kidogo, vumbi hushika na kuwa jeusi lenye unyevu wakati sehemu nyingine zote ni kavu na za kijivu. Pita na tochi kwa mpangilio huu.

*Pampu ya mkono na kichwa cha filta.* Pitisha kidole chini ya ukingo wa kitufe cha kubonyezea. Ukikuta utando wa dizeli na duara la tope laini, mpira wa ndani umepasuka. Hii ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza kwa Hilux na Hiace. Usidanganyike na kitu kukaza: mpira uliopasuka kidogo unaweza kukaza ukibonyezwa na bado ukavuta hewa usiku.

*Chini ya filta.* Kuna kihisi cha maji au kizibo cha kutolea maji, na kina oringi yake. Filta ikibadilishwa, kihisi kinahamishwa kwenda filta mpya, na oringi ya zamani mara nyingi inahamishwa nacho. Kama shida yako ilianza wiki ile ile ulipofanya sevisi, anzia hapa kabla ya mahali pengine popote. Niliwahi kuletewa Hiace ambayo mwenyewe alishaambiwa atafute pampu nyingine. Oringi ya kihisi ilikuwa imejikunja upande mmoja, unaiona wazi ukiishusha filta.

*Mipira midogo ya kurudishia juu ya nozeli.* Kwenye Mercedes za zamani, Volkswagen na baadhi ya Peugeot ni mipira myembamba iliyovikwa uzi. Ikunje kwa vidole. Ikitoa nyufa au uzi umelowa, ibadilishe yote, usichague mmoja. Kwenye injini za Toyota kuna bomba la chuma lililokaa juu ya nozeli zote, na kinachovuja ni wosha zake au ule mpira mfupi unaotoka mwisho wa bomba kwenda kwenye pampu. Mpira huo hupikwa na joto la injini miaka yote na hakuna anayeukumbuka.

*Mipira mikubwa kati ya filta na pampu.* Ikunje karibu na klipu. Mpira mzima hunepa na kurudi. Uliokauka hubaki na umbo la bomba kama plastiki, na klipu ikikazwa inakaza hewa tu.

*Chini ya gari.* Fuata bomba la chuma kutoka injini hadi tangi. Angalia hasa pale linaposhikiliwa na vishikizo kwenye chesi. Tope hukaa hapo na kutu hula bomba kutoka nyuma. Kwa magari ya Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na ukanda wote wa pwani, chumvi ya hewani inaharakisha kazi hiyo. Halafu mipira juu ya tangi, ambayo mara nyingi ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

*Pampu yenyewe.* Angalia penye mkono wa resi juu ya pampu, na chini yake upande wa mbele. Kwenye 2L, 3L na 5L pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo sili ya mbele ikivuja, dizeli inaingia kwenye kava la mkanda. Ukikuta dizeli inadondoka kutoka kwenye kava hilo, usiendelee kuendesha mpaka mkanda ukaguliwe, kwa sababu mkanda uliolowa mafuta hauaminiki.

Ukikuta kosa la wazi, rekebisha, lilaze gari, pima tena kwa hatua ya 2. Wengi huishia hapa.

Hatua ya 5: Mpira unaoonyesha

Kama macho hayakuona kitu, chomoa mpira kati ya filta na pampu, weka mahali pake kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kaza klipu pande zote. Hakikisha haugusi manifoldi ya moshi. Pampu kwa mkono mpaka ukaze, washa gari.

Dakika za mwanzo utaona mapovu. Usihukumu bado, ni hewa uliyoingiza mwenyewe. Acha injini ingurume dakika kumi, kisha angalia bila resi na ukiwa umekanyaga resi kidogo.

Mapovu yakiendelea kupita mfululizo, hewa inaingia kabla ya hapo unapoangalia: filta, pampu ya mkono, mabomba au tangi. Yakizidi unapoongeza resi, ni ushahidi zaidi, kwa kuwa pampu inavuta kwa nguvu kubwa.

Dizeli ikiwa safi kabisa bila povu, lakini asubuhi ukikuta mpira umeshuka mafuta, elekeza macho upande wa pampu na mipira ya kurudishia. Sehemu hizo zinakuwa na msukumo injini ikiwaka, kwa hiyo haziingizi hewa mchana. Zinaingiza usiku.

Piga alama kwa selotepu pale mafuta yalipofika unapozima, ili asubuhi usibishane na kumbukumbu yako.

Plastiki hii ni ya kupimia tu. Dizeli na joto huifanya ngumu, halafu inapasuka. Ukimaliza, itoe.

Hatua ya 6: Gawa mfumo kwa dumu

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ndicho watu wanachokiruka kwa sababu kinachukua usiku mzima.

Weka dumu la dizeli chini sakafuni kando ya gari. Chini, si juu ya injini. Ukiliinua juu, mafuta yatashuka yenyewe kwenda kwenye pampu na gari litawaka hata kama lina tundu, nawe utakuwa hujapima chochote.

Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, uzibe, weka mpira mpya unaotoka pampuni hadi chini kabisa ya dumu. Chomoa mpira wa kurudishia unaoelekea tangini, nao uelekeze kwenye dumu hilo hilo, ncha yake ikiwa imezama ndani ya dizeli. Usiuzibe huo wa kurudishia hata dakika moja injini ikiwaka. Presha ndani ya pampu itapanda na utazitoboa sili ambazo zilikuwa nzima. Pia usiache urudishe tangini, kwani pampu hizi hurudisha mafuta mengi na dumu litakauka haraka.

Ili kujaza mpira wa kuingilia, inua dumu kwa muda juu ya usawa wa pampu, dizeli ishuke yenyewe mpaka itoke mwisho wa mpira, ndipo uunganishe na kulishusha dumu. Usivute dizeli kwa mdomo.

Washa, liache lingurume mpaka mapovu yaishe, zima. Funika mdomo wa dumu kwa kitambaa vumbi lisiingie, bila kuziba hewa. Acha mpaka asubuhi.

Asubuhi piga stata bila kugusa kitu.

a) Likiwaka mara moja: pampu na mipira ya kurudishia ni vizima. Tundu liko kati ya filta na tangi. Sasa rudisha mpira wa kawaida kati ya filta na pampu, na mpira wa dumu uunganishe mahali pa kuingilia filta. Lilaze tena. Likisumbua, kosa ni kichwa cha filta au pampu ya mkono. Likiwaka vizuri, kosa ni mabomba ya chesi, mipira ya tangi au bomba la kuvutia lililo ndani ya tangi.

b) Likisumbua vile vile: kosa ni pampu au njia ya kurudishia juu ya nozeli. Badilisha kwanza mipira na wosha za nozeli, urudie kipimo. Likisumbua bado, hapo ndipo pampu ipelekwe kwa fundi wa pampu, na umwambie hasa unachotaka: sili ya mbele, oringi ya mkono wa resi, na sili ya kifuniko. Umeenda na ushahidi, hutauziwa matengenezo usiyoyahitaji.

Gari lisiendeshwe likiwa na dumu. Ni la kunguruma mahali pamoja tu, na dizeli yake haipiti kwenye filta, kwa hiyo usafi wake ndio kinga pekee ya pampu.

Hatua ya 7: Bomba la chesi peke yake

Kama dumu limekuelekeza huku, chomoa bomba pande zote mbili, kwenye filta na kwenye tangi. Ziba upande mmoja, upande wa pili unganisha pampu ya baiskeli, pampu kidogo, halafu paka maji ya sabuni kwenye bomba lote, hasa kwenye vishikizo. Povu litakuonyesha. Sabuni inafanya kazi hapa kwa sababu sasa kuna msukumo. Ukiipaka gari likiwa limezima kwa kawaida, haitakuonyesha kitu. Usitumie kompresa, na usijaze upepo kwenye tangi.

Bomba lenye kutu likatwe na kubadilishwa kipande kizima. Kuvika mpira juu ya kutu ni kuahirisha.

Hatua ya 8: Rekebisha

Nunua mpira ulioandikwa kuwa ni wa dizeli. Wa maji huvimba na kulainika. Kata kwa kisu kikali, ncha iwe sawa. Msumeno unaacha vumbi la mpira linaloingia kwenye pampu. Klipu kubwa za kukaza kwa bisibisi zikizidishwa hukata mpira mwembamba, kwa hiyo tafuta ndogo za saizi yake.

Wosha za shaba na alumini ziwe mpya kila unapofungua. Safisha mahali zinapokaa, maana mkwaruzo mmoja unatosha kupitisha hewa.

Unapofungua boliti za banjo (boliti zenye tundu ndani zinazopitisha mafuta) kwenye pampu, ziangalie kabla hujaziweka pamoja. Ya kutolea mafuta, ambayo kwa kawaida imeandikwa OUT kichwani, ina kitundu kidogo sana ndani. Ya kuingilia iko wazi. Ukizibadilishana, presha ya ndani ya pampu inavurugika, na gari lililokuwa na shida moja litakuwa na tatu.

Hatua ya 9: Toa upepo

Bonyeza pampu ya mkono mpaka ikaze. Piga stata sekunde 15, pumzika dakika moja, rudia. Likikataa, legeza nati za mabomba kwenye nozeli nusu mzunguko kwa spana 17, funika kwa kitambaa, mtu apige stata mpaka dizeli itoke bila povu, kisha kaza zote na uwashe. Mikono iwe mbali. Lilaze, na asubuhi rudia hatua ya 2. Kazi haijaisha mpaka pampu ya mkono iwe ngumu asubuhi.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kufunga vali ya kuzuia kurudi kama dawa ya kwanza. Gari litawaka, ndiyo. Lakini tundu liko pale pale, linaendelea kuingiza hewa ukiwa barabarani, na vali ya bei rahisi inabana mafuta pale unapopanda mlima na mzigo. Kufunga pampu ya umeme karibu na tangi ni hatari zaidi: ulipokuwa unavuta hewa sasa utasukuma dizeli nje, pengine juu ya bomba la moshi.

Kufunga nyuzi za boliti kwa utepe mweupe wa mafundi bomba. Vipande vyake hukatika na kwenda kwenye pampu. Gundi ya silikoni nayo ni vivyo hivyo.

Kubadilisha vitu vitano siku moja. Gari likipona hujui kilichoponya, na likirudia huna pa kuanzia.

Ukikwama

*Linawaka vizuri tangi likiwa limejaa, linasumbua likifika nusu.* Bomba la kuvutia ndani ya tangi limepasuka au limetobolewa na kutu sehemu ya juu. Shusha tangi.

*Ukifungua kifuniko cha tangi unasikia upepo ukivutwa ndani.* Tundu la hewa la kifuniko limeziba. Tangi linakuwa na mvuto unaorudisha dizeli nyuma. Lilaze usiku mmoja kifuniko kikiwa kimelegezwa, mahali salama, uone tofauti.

*Mapovu yanaonekana tu ukikanyaga resi sana, na gari limepungua nguvu.* Angalia filta au chujio la tangini kama limeziba. Pampu inavuta kwa nguvu kuliko kawaida na kuingiza hewa kwenye viungo ambavyo vingevumilia.

*Mercedes ya zamani yenye kitufe cha kufungua kwa kuzungusha kabla ya kupampu.* Kitufe hicho kisiporudishwa na kukazwa kinavuta hewa. Vya zamani huvuja hata vikikazwa, kibadilishe chote.

*Umebadilisha mipira yote na bado.* Chunguza ncha za mabomba ya chuma ambako mipira inakaa. Kutu na mikwaruzo ya koleo huacha njia ambayo mpira mpya hauwezi kuiziba. Isugue kwa msasa laini kuzunguka bomba, kamwe si kwa urefu, maana mkwaruzo wa urefu ni mfereji wa hewa.

*Linawaka, linazima baada ya sekunde chache, kisha linawaka tena ukipampu.* Pampu ilikuwa na mafuta yake ya ndani, lakini mpira unaoiletea ulikuwa mtupu. Tundu liko upande wa filta au nyuma yake. Ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya pili ya hatua ya 6, dumu likiwa kwenye mlango wa filta.